Sauti Tulizozifuta

Kifungu cha kwanza cha katiba ya chama chetu kilituumiza vichwa wiki nzima. Tulikuwa walimu watano wa Kasongo, tunataka kuchunguza jinsi watu wa kwetu wanavyotumia intaneti, na kila mmoja alitaka neno lake liwe la mbele. Kifungu cha tisa nilikiandika peke yangu, nikajivuna nacho: sauti yoyote tutakayopewa, tukishaiandika kwenye karatasi tuifute, siri ya mtu isitoke.

Nikapanda pikipiki hadi Kabambare. Huko kulikuwa na mjane asiye na simu. Mwanawe, mchimbaji dhahabu wa Salamabila, alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kwa simu ya dereva wa pikipiki. Dereva aliupokea penye mtandao, akifika kwa mama anaufungulia uani, na majirani wanasikia. Kama hiyo si intaneti, basi mimi si mwalimu! Kwa ruhusa ya mama nilinakili ujumbe mmoja kwenye simu yangu, nikautafsiri kutoka Kibangubangu, lugha ya kwao, hadi Kifaransa kwa ajili ya ripoti yetu, kisha nikaifuta sauti. Niliona nimefanya kazi safi.

Miezi michache baadaye shimo lilimfukia yule kijana. Simu ya dereva nayo ilikuwa imezama mtoni, na kila kilichokuwemo. Mama akasafiri siku mbili hadi Kasongo, akanikuta shuleni.

"Mwalimu, wanasema ninyi munachungaka sauti za watu. Unisikilizishe ya mutoto wangu."

Nikamweleza kwamba chama chetu kinachunguza sauti, hakizitunzi. Niliona aibu kusema hivyo mbele ya mfiwa. Nikatoa karatasi, nikamsomea kwa Kiswahili: yuko mzima, mbuzi asiuzwe, paa litengenezwe kabla ya mvua.

"Ile ya mbuzi ninaijua. Soma pa mwanzo, pale ananiitaka."

Katika ukoo ule mtoto haanzi habari kabla ya kumwita mama yake kwa majina ya wazee wake, moja baada ya jingine, bila haraka. Kijana aliyataja yote. Mimi, mtaalamu, niliona hayana maana kwa ripoti. Mahali pake nilikuwa nimeandika neno moja tu, ndani ya mabano.

"Salamu," nikamsomea.