Mama Mkwe Aliniuguza Corona, Mimi Nikamwita Mchawi

Admin, nifichie jina, maana mke wangu na shemeji zangu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 45, fundi cherehani, naishi Nyasho hapa Musoma. Nina mke na watoto watatu. Hili jambo sijawahi kumwambia mtu zaidi ya kaka yangu. Hata kwa padri kwenye kitubio nililiruka.

Mwaka 2021 niliugua corona. Nililazwa siku tisa kwenye oksijeni, nikaruhusiwa nikiwa siwezi hata kujipeleka chooni. Majirani walikuwa wanapita mbali na mlango wetu. Aliyekuja ni mama mkwe, kutoka kijijini kwake Butiama. Kila asubuhi alichemsha mikaratusi, michaichai na malimao, akanifunika blanketi nipige nyungu, nivute ule mvuke, huku amegeuza uso pembeni kwa heshima ya mkwe. Nguo nilizotapikia alizifua yeye. Alikaa wiki tatu, nilipoanza kula ugali mwenyewe ndipo akarudi kwake.

Kifua kilipona, kichwa kikabaki. Harufu nilikuwa sisikii, dagaa waliwahi kuungua jikoni nami nimekaa palepale. Dukani nampima mteja mabega, nasoma inchi kumi na nane, nikigeukia daftari namba imeshapotea. Zamani nilikuwaga nakata suti huku napiga stori. Sasa suti ya bwana harusi mmoja nikaikata mikono yote miwili ya upande wa kushoto. Halafu ikaja hofu. Nimekaa kwenye cherehani mchana kweupe, moyo unaanza kwenda mbio, naona nakufa. Siku moja nililia mbele ya wateja bila sababu yoyote.

Kaka yangu mkubwa akaniuliza, "Haya yalianza lini?" Nikamwambia baada ya kuugua. "Na nani alikuuguza?" Nikamtaja mama mkwe. Akasema, "Hayo majani, wewe uliyajua ni majani gani?"

Ndugu zangu, niseme ukweli, maneno yale yalinipa nafuu. Niliona heri niambiwe nimerogwa kuliko kuitwa chizi.

Tukaenda Butiama, mimi, kaka na mke wangu, kikao cha ukoo wa mke wangu kikaitwa. Mbele ya wajomba zake na majirani nikasema kwa mdomo wangu, "Tangu mama anifukize, akili yangu haijarudi. Aseme aliweka nini." Mke wangu akatoka nje analia. Mama hakubishana. Alisema tu, "Baba, nilichemsha majani, nikakufunika. Kama kuna kingine nilifanya, Mungu anajua."

Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Wanawake waliokuwa wanalima naye kwa zamu wakamwacha alime peke yake. Jumuiya ya kanisani ikaacha kusali nyumbani kwake. Mke wangu huenda kumwona, akirudi haniambii kitu, na mimi siulizi.

Mwaka jana nilikuwa Bunda kwenye harusi, hofu ikanishika, nikapelekwa hospitali nikidhani ni moyo. Daktari, mama wa makamo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uliwahi kuugua corona?" Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Siyo wewe peke yako. Ule ugonjwa unaweza kuacha shida kwenye ubongo na kwenye hisia. Watu wanasahau, wanapoteza harufu, wanashikwa na hofu, wengine wanakata tamaa ya kuishi. Ni ugonjwa, baba. Siyo uchawi na siyo uchizi."

Nilitakiwa nifurahi. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje nusu saa, namuona mama mkwe na blanketi lake. Nikaanza kliniki, nikapewa dawa na mtu wa kuongea naye. Sasa hivi nina nafuu kubwa. Namba naziandika futi ya kupimia ikiwa bado iko begani kwa mteja. Lakini nyumbani nilisema ni presha tu.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Butiama. Wanawake walikuwa wanamenya ndizi kwa pamoja, mama amekaa kivyake karibu na ukuta, hakuna aliyempa kisu. Aliponiona akainuka, akasimama mbali kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, kichwa kinaendeleaje?" Nikamjibu, "Naendelea vizuri, mama." Akasema, "Mungu ashukuriwe," akarudi kukaa. Nilitaka kumwomba msamaha palepale. Watu walikuwa wanatuangalia, nikaogopa.

Nilimwambia kaka ukweli wa hospitali. Akasema niyaache, yameshapita, nikiyafufua nitaaibisha ukoo wetu. Lakini kwa mama hayajapita. Ana miaka sabini na kitu, na mwili umeanza kuchoka. Mke wangu akijua kwamba nimekaa na ukweli huu mwaka mzima, sidhani kama atanitazama tena.

Naombeni ushauri wenu, hata wa kunitukana nitausoma. Nianze kwa mke wangu, au niende kwa mama moja kwa moja? Na nikimpigia magoti ndani kwake tukiwa wawili, wale waliomtenga watajuaje kwamba muongo nilikuwa mimi?