Tajiri Aliyeitwa Shukuru

Mama Kidoti alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na alikuwa na tajiri wake. Si wa kweli. Wa kwenye daftari. Baba yake Kidoti alipokwenda mbali kutafuta kazi, simu zilikuja kila jioni, kisha kila Jumapili, kisha zikawa kama mvua ya kiangazi. Basi Jumapili alasiri, mtoto akishasinzia, mama mtu alikaa ukingoni mwa kitanda, daftari mapajani, akaandika habari za watu wenye nyumba za ghorofa.

Majina hakuyatafuta mbali. Kila nguo inayoingia kwa dobi hushikizwa kikaratasi kwa pini, kikiwa na jina. Suti moja ya kijivu, nzito, bitana yake laini kama shavu la mtoto, ilikuja kila wiki na kikaratasi cha Shukuru. Magauni ya hariri yalikuja na Sikitu. Ndivyo Bwana Shukuru alivyopata viwanda vitatu, na Bi Sikitu akawa mkewe.

Bwana Shukuru hakuwa na makuu. Akirudi nyumbani alimuuliza mkewe, "Umeshindaje?" kisha akasubiri jibu. Mama Kidoti aliiandika sehemu hiyo mara nyingi kuliko hadithi ilivyohitaji.

Siku moja alipiga moyo konde, akapeleka daftari kwa mhariri wa gazeti la hadithi, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Yule mama alisoma mpaka chai yake ikapoa.

"Mwanangu, mkono unao," akasema. "Naichapa. Ila tajiri gani huyu anaitwa Shukuru? Na mkewe Sikitu! Hawa ni mlinzi na yaya wamevaa nguo za watu."

"Ni matajiri kweli, mama. Nguo zao nazipiga pasi mwenyewe."

"Hata kama. Wasomaji watacheka mahali pa kulia. Niletee majina mazito Ijumaa, la sivyo nafasi nampa mwingine."

Wapiga pasi hukaa nyuma kwenye mvuke; wateja hawawaoni. Kesho yake Mama Kidoti alimwomba shoga yake wa mapokezi amwite mwenye suti ya kijivu akija. Alitaka jina la ukoo tu. Jina la ukoo lingempa Bwana Shukuru uzito, abaki yeye yule.

Akaitwa saa nne. Kaunta ilikuwa imeegemewa na mtu mfupi, kola ya shati imelika, kidoleni anazungusha ufunguo wa gari.

"Wewe ndiye Bwana Shukuru?"

"Bwana tena! Shukuru dereva." Akacheka, pengo likaonekana. "Nimekosa nini, dada?"

"Kwani suti hii si yako?"

"Nikiivaa hii, hata mke wangu ataniamkia shikamoo!"

"Na Sikitu?"

"Yaya wa pale nyumbani. Anayeleta nguo ndiye anayeandikwa. Jina la Mzee halitembei ovyo."

"Kwani anaitwa nani?"

"Mzee. Mwaka wa tisa huu namwendesha. Mkewe naye humwita Mzee, siku akimwita."

Shoga wa mapokezi alishika mbavu. "Jamani, Mama Kidoti kamtafuta tajiri, kampata usukani!" Duka zima likacheka mpaka mchana. Mama Kidoti naye akacheka, maana angefanyaje, kisha akarudi kwenye mvuke wake.

Alhamisi jioni alifungua daftari. Ukurasa kwa ukurasa akamkata Shukuru kwa mstari mmoja, juu yake akaandika Maksimiliani; Sikitu naye akampa jina zito. Alipofika katikati akalitamka kwa sauti, aone kama ulimi utalizoea.

"Nani huyo?" Kidoti akauliza kutoka kitandani.

"Mgeni."

"Atalala hapa?"

"Halali, mama. Lala wewe."

Akaendelea kukata. Maneno yalikuwa yale yale, lakini yule bwana mpya aliyasema kama mtu aliyefundishwa. Ile sehemu ya kusubiri jibu aliipita haraka, kama anayepita chumba chenye watu asiowajua.

Ijumaa mhariri akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akapiga meza. "Enhee! Huyu sasa tajiri. Wiki ijayo unatoka gazetini, mwanangu."

Mama Kidoti akashuka ngazi miguu myepesi, akaona lazima amwambie mtu kabla furaha haijapoa. Kidoti hangeelewa. Simu ya baba yake ilijibu kwamba haipatikani. Wa tatu kumjia akilini, kabla hajajizuia, alikuwa yule aliyemkata kwa kalamu jana.

Akamwambia muuza mkate wa kona.

"Hongera, mama," akasema muuza mkate. "Mzima au nusu?"

"Nusu," akajibu Mama Kidoti.