Fisi dume kakutwa na mimba, kesi kaangushiwa shangazi yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa bado sijaelewa kilichotokea, kwa hiyo mkiona nimechanganya mambo, mjue nimechanganyikiwa kweli. Chumvi sijatia hata chembe. Jina la kijiji naliacha, ila ni huku Iramba, si mbali na Kinampanda.

Shangazi yangu ni mjane, watoto wake wako mbali. Anaishi kwenye tembe, ile nyumba ya zamani yenye kuta na paa la udongo, na mbuzi wake wanalala humo humo ndani, chumba cha pili. Ukilala kwake utasikia mtu anakohoa, ukichungulia ni beberu.

Miaka yote namsema. Shangazi, hamia nyumba ya bati, mbuzi wajengee zizi nje kama wenzio. Ananijibu, "Mbuzi wangu wana adabu kuliko wageni wengine."

Majirani wote walishahama kwenye matembe. Wana bati, wana sakafu ya saruji, na hakuna anayetaka mbuzi amharibie sakafu. Mbuzi wao wako nje, kwenye mazizi ya miiba.

Sasa mwaka huu fisi kaingia.

Mtu anaamka anakuta zizi limebomolewa, imebaki damu na manyoya. Kwa wasiomjua, huyu mnyama anatafuna hadi mifupa, ndiyo maana kinyesi chake kinakuwa cheupe kama chokaa. Watu wanamwita mwoga. Mwoga gani anavunja paja la ng'ombe kwa meno? Wakiwa kundi wanamnyang'anya hata simba nyama yake. Haya, nisitoke nje ya mada.

Mazizi ya jirani zake wote yakaguswa. Kwa shangazi hakupotea hata kitoto cha mbuzi.

Mnaotoka kanda hii mshajua ninakoelekea. Huku kwetu fisi akizidi kusumbua, watu hawaulizi katoka pori gani. Wanauliza ni wa mchawi gani.

Jirani yake, Baba Neema, aliyepoteza mbuzi wengi kuliko wote, akaanza kusema kilabuni, "Fisi gani anaruka mlango mmoja tu?" Maneno yakakua. Watoto wakaacha kupita uani kwake. Mwisho kikaitishwa kikao Jumamosi, kuamua kama abaki au aondoke kijijini.

Akanipigia simu. Sijawahi kumsikia shangazi analia, siku hiyo alilia. "Mwanangu, nitakwenda wapi na umri huu?"

Nikafunga kibanda changu cha vipuri vya pikipiki pale Manyoni, nikaondoka.

Nafika nakuta makelele. Vijana na mbwa wao wamemuua fisi korongoni, wamemburuta hadi uwanja wa kikao. Nikamshukuru Mungu, nikajua kesi imekwisha. Lilikuwa jitu kubwa, dume, na udume wake kila mtu kauona, hakuna ubishi.

Wakampasua tumbo kutafuta shanga au hereni za anayemfuga. Ndivyo wanavyoamini, eti lazima ziwemo.

Wakakuta watoto wawili.

Dume lina mimba! Nisidanganye, hata mimi nilirudi nyuma hatua moja. Macho yote yakaenda kwa shangazi, kakaa chini kajifunika khanga yake, hajui aangalie wapi.

Baba Neema akasema, "Mnataka ushahidi gani tena?"

Nikapanda juu ya kichuguu kutafuta network. Nasoma, narudia. Kumbe fisi madoa jike ndivyo alivyo! Ana kiungo kama cha dume, unaweza kumtazama mchana kweupe ukakosea, na anazalia hapo hapo. Halafu jike ndiye mkubwa wa mwili na ndiye mkuu wa kundi, dume anasubiri.

Nikashuka mbio, nikawasomea kwa sauti, nikawaonyesha na picha. Nikajiona wakili kabisa.

Baba Neema akanipandisha akanishusha kwa macho. "Wewe kijana, mambo ya uchi wa fisi umeyajulia wapi? Na huyu si shangazi yako wa damu?"

Watu wakaguna. Jamani! Niliyekuja kutetea nimegeuka mrithi wa uchawi. Tukawa washtakiwa wawili.

Mwenyekiti wa kitongoji akaona hali inachafuka, akaahirisha hadi Jumatatu.

Jumapili kunakucha, zizi la Baba Neema limebomolewa tena. Fisi wanaishi kwa ukoo, ukiua mmoja wenzake wapo.

Jioni jua bado lipo, shangazi anafunga vyombo vyake kwenye kiroba, tukamwona Baba Neema anakuja na mbuzi wake waliobaki. Hatazami mtu usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akawasogeza mbuzi mbele. "Naomba hawa walale kwako."

"Kwa mchawi?"

"Mama, kwako hawaliwi."

Nikasubiri amfukuze, nilikuwa hata nimeshika fimbo. Shangazi akafungua mlango. "Waingize. Huyo beberu wako asinisogelee mtungi wa maji."

Kikao cha Jumatatu hakikufanyika. Sasa hivi mbuzi wa nusu ya kitongoji wanalala kwake, yeye kasogezewa kitanda jikoni. Aliyemwomba msamaha hayupo.

Na hapa ndipo akili yangu imegoma. Hakuna anayesema ni kuta nene na mlango wa mbao. Wanasema ana dawa ya fisi. Watu wanatoka vijiji vingine na kuku mkononi kuiomba. Anawaambia, lazeni mbuzi ndani, fungeni mlango. Wanaitikia vizuri, halafu wanaendelea kukaa wakisubiri dawa.

Nilikasirika. Nikamwambia, shangazi, wape ukweli, sema hakuna dawa.

Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata kichwa. "Ukweli si uliwasomea pale uwanjani? Ulinisaidia nini? Mchawi wanamfukuza, mwanangu. Mwenye dawa wanamwamkia."

Nilichojifunza ni kwamba mbuzi alale ndani. Hayo mengine sijui, wakuu. Nimwache aitwe mwenye dawa, alale kwa amani? Maana siku fisi akimla mbuzi wa mtu aliyeleta kuku, hao hao wanaomwamkia wataitisha kikao tena, na mimi sina kingine cha kuwasomea.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nipo nasoma.