Mama Taulo na Kompyuta Mpya

Ofisini walimwita Mama Taulo, ingawa hakuwa na mtoto, na aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alidhani anatukanwa. Wala. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa kuandika programu za kompyuta, tena fundi kwelikweli, na alikuwa na tabia ambayo mimi sijaiona kwa mwingine. Akimaliza kazi, aliifunika skrini kwa taulo la kijani, kisha akaijaribu programu kwa masikio tu, huku sauti ya kompyuta ikimsomea kila anachogusa. Ikimshinda hapo, aliibomoa akaanza upya. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Taulo lile lilikuwa kwa ajili ya kaka yake. Kaka alipofuka akiwa kijana, na sasa ndiye mpokea simu wa zahanati moja, akitumia programu aliyoandikiwa na mdogo wake. Kompyuta humwambia daktari gani yupo na yuko chumba gani, naye huunganisha simu chapuchapu hadi wenye macho wanaduwaa. Bila programu ile, kazi hana.

Basi zahanati ikataka kuachana na kompyuta zake kuukuu na kuleta za aina nyingine kabisa. Fundi akapewa moja akaijaribu nyumbani, aseme kama programu yake itahamia huko. Jamani, aliipenda! Ilikuwa nyepesi, inawaka kufumba na kufumbua, haina ule mngurumo wa feni aliouvumilia miaka yote. Programu nayo ikahamia bila ubishi. Keshaanza kujipongeza, akaifunika kwa taulo.

"Kitufe," ikasema sauti. "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

Vitufe vyote vilikuwepo, lakini hakuna kilichosema kinafanya nini. Mwenye macho asingegundua kasoro yoyote. Kaka yake asingeweza kupokea hata simu moja. Alikuna kichwa wiki nzima. Akirekebisha huku, kunaharibika kule. Mwisho akapiga moyo konde: atawaambia haiwezekani, wabaki na mashine zao za zamani, na kaka asijue lolote. Roho ilimuuma, maana alijua wakikataa ushauri wake watahama tu, na kaka atarudishwa nyumbani.

Jumapili kaka akaja kula naye mchana. Fundi alikuwa ameiacha mashine mezani, bila wasiwasi, kama vile asiyeona hawezi kuigundua. Kaka akapitisha vidole kwenye kibodi, akatabasamu, akauliza tangu lini wanafichana. Ikabidi aelezwe yote, ya vitufe na ya taulo. Fundi akasubiri ghadhabu.

"Sasa taulo la nini, mdogo wangu, na mimi nipo?"

Miaka yote fundi alikuwa akijifanya kaka yake, wala hakuwahi kumvutia kiti. Mwingine angejitetea, angetaja usiku aliokesha. Yeye alivuta kiti, na hapo ndipo mimi nilipomvulia kofia.

Kaka akawa anabonyeza, yeye anarekebisha. Kila kitufe alichokipa maelezo marefu, kaka alikikataa.

"Fupisha. Mtu yuko kwenye simu, mimi nasikiliza hadithi?"

"Mbona ile ya zamani inasema hivyohivyo?"

"Inaongea mno ile. Nilikuwa nakustahi tu."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Chakula kikapoa, wakakila hivyohivyo, mkono mmoja kwenye sahani. Jioni kaka akabonyeza tena.

"Daktari wa meno, yupo," ikasema sauti. "Unganisha."

Kaka akairudia mara kadhaa, kila mara kwa kasi zaidi. Kisha akaegemea kiti.

"Waambie wazilete."

Fundi akalikunja lile taulo la kijani, akaenda kulitundika bafuni.