Mchanaji Tiketi na Sehemu ya Nne

Miaka kumi na miwili bango la sehemu ya nne ya filamu za vichekesho za mchekeshaji tuliyempenda wote limekaa mlangoni mwa sinema yetu, na mzee anayechana tiketi hulipangusa vumbi kila siku kwa leso yake mwenyewe. Saa nane, kabla ya watu kuingia, huketi peke yake mbele ya skrini isiyo na picha na kucheka. Hucheka, husubiri, hucheka tena mpaka anashika mbavu. Mwisho husimama, huvua kofia na kusema polepole, “Pole, ndugu yangu.” Mimi ndiye muuza tiketi, na siku moja nikamtania: “Baba, unamcheka nani, na filamu yenyewe haijatoka?”

“Najipasha moto tu, binti yangu.”

Juzi filamu ikaja. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nikiwa kibandani nilisikia vicheko vyao vikipanda na kutulia palepale mzee alipozoea kucheka na kusubiri, nikaenda kuchungulia. Mwishoni ikatokea picha ya mchekeshaji wetu, na maandishi ambayo hakuna gazeti lililokuwa limetuambia: alifariki siku ya mwisho ya kupiga picha za filamu hii. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mzee alikuwa ameshasimama zamani, kofia mkononi.