Vigelegele Ndani ya Msiba

Watu wengi waliiona ile video. Kama wewe ni mmoja wao, na kama uliandika tusi chini yake, naomba nikuambie jambo moja kabla sijaendelea: uliyemtukana hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, na mimi sikuonekana vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, kanga imenifunika mpaka puani.

Uliyemtukana ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nasema mtoto, lakini ni mwanamume wa miaka ishirini na saba mwenye ndevu zake. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea, mama yake akaolewa tena huko Nyakatuntu, na mama yangu akamchukua akamlea hapa Ihanda. Alimlea kwa ndizi, maharage na kelele. Alimfundisha nyimbo kabla hajamfundisha kufunga vifungo vya shati. Alipokua akaimba kwaya kanisani, kisha akaenda Dar es Salaam kuimba nyimbo ambazo kanisani hatuziimbi, na mama, mke wa mwinjilisti, akawa anazisikiliza kwenye redio akitafuna buni zake za kahawa, anatikisa kichwa na kusema sauti ni ya nyumbani, maneno ndiyo sijui kayaokota wapi.

Mwaka ule jina lake likaingia kwenye tuzo za muziki, zile kubwa zinazoonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Akatuletea televisheni na sola ili Kaaka wake amwone. Kaaka ndiyo bibi, kwa Kinyambo. Mimi nilijisifu, sikatai. Nilijisifu sokoni, nilijisifu kwenye kwaya, nilijisifu hata kwa watu wa Kimuli waliokuja kununua miche ya kahawa na hawakuwa wameniuliza kitu. Nikawaalika kina mama wote wa kwaya waje Jumamosi ile kuangalia. Nikashona kitenge kipya kana kwamba ni mimi ninayepanda jukwaani.

Mama alikuwa mgonjwa wa kifua wiki ya tatu. Hospitali walikuwa wamemruhusu arudi nyumbani, na sisi tukachukulia kwamba kuruhusiwa maana yake ni kupona. Asubuhi ya Jumamosi alikunywa uji, akaniomba nimwegemeze ukutani, kisha akasema, "Nipigie yule mtoto. Nataka kumsikia."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Hilo nataka lieleweke. Haikuwa kwenye chumba kingine, haikuwa imeisha chaji.

Nikamwambia, "Mama, leo ana kazi kubwa. Jioni utamwona kwenye televisheni. Kesho atapiga mwenyewe."

"Kidogo tu, mwanangu."

Nilijua sauti yake ilivyokuwa. Ilikuwa imebaki nyembamba, na kati ya neno na neno kulikuwa na mlio kifuani. Nilijua kijana akiisikia ataacha kila kitu apande ndege, na kina mama wa kwaya watakuja kuangalia jukwaa asilokuwepo. Basi nikaifunga simu kwenye pindo la kanga, nikasema, "Kesho, mama." Hakubishana. Aligeukia ukuta. Mimi nikaenda jikoni kumenya ndizi, na saa saba mchana nilipompelekea chakula alikuwa ameshaondoka.

Kifo hakibishi hodi, tunasema hivyo kila msiba. Kwetu kilibisha. Mimi ndiye niliyekiambia kisubiri mpaka kesho.

Kaka yangu mkubwa, ambaye alirithi uinjilisti wa baba na sauti yake nzito, alikuja mbio kutoka shambani. Alipomaliza kuomba akatoa simu mfukoni ampigie kijana. Hapo ndipo neno liliponitoka.

"Usimpigie," nikasema. "Mama kaagiza asiambiwe mpaka amalize kazi yake."

Kaka akaniangalia. "Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Asubuhi, nikiwa naye peke yangu."

Sikuwa nimelipanga. Nikijitetea nitasema nilimwonea huruma kijana, kwamba hakuna ndege ya kuja kwetu jioni, kwamba kumwambia wakati ule kungemvunja bure. Yote ni kweli, na yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilichofikiria ni ile simu kwenye pindo la kanga, na kwamba kijana akipigiwa atauliza, "Jana, leo asubuhi, hakuniulizia?"

Mtu wa kwingine labda angenibishia. Kwetu agizo la mtu anayekufa halibishiwi. Watu waliogombania mpaka wa shamba miaka kumi huacha siku ile mgonjwa akisema huu mti ubaki hapa. Kaka akairudisha simu mfukoni, na kwa sababu ni mtu wa kanuni, akazunguka mwenyewe kwa majirani na ndugu wote kuwaambia wasipige, wasiandike, marehemu kakataza. Uongo wangu ukatembea na mwinjilisti, na nani angemhoji mwinjilisti?

Jioni wanaume wakawasha moto nje. Sisi wanawake tukatandika nyasi sebuleni tukakaa. Mama alikuwa chumbani kwake, amefunikwa shuka jeupe, na televisheni ilikuwa mezani chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kina mama wa kwaya walikuja kama walivyoalikwa, ila sasa walikuja wakilia. Lakini macho yao yalikuwa yanakwenda kwenye kile kitambaa, na ya kwangu pia. Ilipofika saa moja, mmoja akaninong'oneza, "Si ndiyo wanaanza?"

Nikasimama nikakitoa kitambaa. Kaka akaingia mlangoni. "Televisheni kwenye msiba?"

"Mama alitaka tumwone," nikasema. Uongo wa pili huwa mwepesi kuliko wa kwanza. "Tutaondoa sauti."

Akatoka kurudi motoni.

Basi tukaangalia tuzo bila sauti, wanawake kumi na tano na nyuso zetu za msiba. Kisha akatokea binti mmoja kwenye zulia lao jekundu na gauni lililoachwa wazi mgongo mzima.

"Huyu hasikii baridi?" mmoja akanong'ona.

"Dar hakuna baridi."

"Na yule mwanamume, mbona koti lake limechanika?"

"Halijachanika. Ndivyo lilivyoshonwa."

"Fundi wangu akinishonea hivyo namrudishia."

Mtu akachekea ndani ya kanga. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mama yangu akiwa nyuma ya ukuta ule. Kicheko cha msibani kinakuja chenyewe na hukirudishi.

Alipotokea kijana wetu, amevaa kanzu fupi nyeupe iliyodariziwa kifuani, chumba chote kikavuta pumzi. Nikaongeza sauti kidogo. Walitajwa watano. Bahasha ikafunguliwa, na jina lililosomwa likawa la kwake.

Hakuna aliyepiga makofi. Mikono ilinyanyuka ikarudi mapajani. Yeye akapanda jukwaani, akaipokea ile tuzo kwa mikono miwili na goti limeinama kidogo, kama mama alivyomfundisha kupokea hata kijiko. Akawashukuru watu wake wa kazi kwa Kiswahili. Halafu akaiangalia kamera, akaanza Kinyambo.

"Kaaka," akasema, "najua umekaa hapo sebuleni unaniangalia. Hii ni ya kwako. Nipigie vigelegele nivisikie hadi huku."

Na vikapigwa.

Alivipiga rafiki wa mama, bibi wa miaka zaidi ya sabini aliyekuwa karibu kabisa na mlango wa chumba cha marehemu. Mtoto kaomba, mwenye kuombwa hayupo, yeye akajibu. Vilikuwa virefu na vizuri, kama vya harusi. Kwetu vigelegele juu ya maiti ambaye hajazikwa ni kukishangilia kifo, ni kukikaribisha kirudi kuchukua mwingine. Alipotambua alichofanya akaziba mdomo kwa mikono miwili akaanguka kifudifudi kwenye nyasi, analia, "Ulimi umeniponyoka, waitu, ndugu zangu, nisameheni, ulimi umeniponyoka." Wanaume walikuwa wamesimama mlangoni wote. Kaka akaenda kuizima televisheni kwa mkono wake.

Kumbe mkwe wa jirani alikuwa ameinua simu tangu jina liliposomwa. Hakuwa na ubaya. Alitaka kumwonyesha mumewe aliye Mwanza. Akaituma ile video na maneno machache: huku bibi yake amefariki mchana, yeye anachukua tuzo, vigelegele msibani. Mumewe akaituma kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine.

Haikuchukua saa moja simu yangu ikalia.

"Shangazi, shikamoo." Nyuma yake kulikuwa na muziki na watu wanashangilia. "Kuna mtu hata simjui kaniandikia kwamba Kaaka amekufa. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

Nikasikia anatembea, mlango unafungwa, muziki unapungua. "Lini?"

"Mchana."

"Na hamkuniambia."

"Bibi yako aliagiza. Umalize kazi kwanza."

Nikasikia anaweka kitu kizito chini. Kisha akasema, "Sawa, Shangazi," kwa sauti ya mtoto aliyekatazwa kitu na mtu mzima anayemheshimu.

Matusi yalianza kabla hajapata tiketi. Waliandika kwamba amemtoa bibi yake kafara ili ashinde. Waliandika kwamba ndiyo maana alitaka vigelegele. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Kagera walieleza mila zetu. Wengine walisema hana haya, anacheza wakati maiti iko ndani, na wengine wakawajibu kwamba wasanii wote ndivyo walivyo. Nilikaa kwenye nyasi nikasoma yote. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa mimi nilichuma na yeye akala peke yake.

Alifika Jumapili saa nane, kwa ndege ya asubuhi ya Bukoba na gari la kukodi. Tulizika saa kumi. Kaburini kaka alisimama akawaambia watu wote, pamoja na simu zote zilizoinuliwa, kwamba mjukuu hana hatia. Akasimulia agizo. Akaliongezea uzuri, kama wahubiri wanavyoongeza: jinsi mama alivyojinyima sauti ya mtoto aliyempenda ili mtoto asijikwae. Watu wakalia. Kijana akalia mpaka wakamshika mabega. Usiku ule ule akaandika maneno hayo kwenye ukurasa wake, na dunia ikageuka. Waliotukana jana wakaomba radhi, wakamwita mama yangu shujaa. Walikuja watu kutoka Kimuli kwa bodaboda kuona tu nyumba. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu yake, nami nilikaa kiti cha mbele na kwaya, nikasimama kuimba.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu naitafuta mwisho wake mpaka leo. Uongo wangu umemsafisha kijana, umempa mama sifa, umempa kaka mahubiri. Nikiutoa, nani atabaki amesimama? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na kila nikijiuliza najua kwamba ninayemhurumia ni mimi. Naandika kwa sababu mdomoni neno hili halitoki.

Siku ya kuondoka alinikuta uani nageuza kahawa kwenye mkeka. Alichuchumaa akaanza kugeuza upande wake bila kuombwa, anaokota vijiti.

"Shangazi," akasema, "nikuulize. Asubuhi ile, kabla ya kuagiza, hakutaka kunisikia? Hata kidogo tu?"

Alisema kidogo tu. Aliyasema maneno yale yale bila kujua. Ningesema alitaka, angeuliza simu ilikuwa wapi.

"Hapana," nikasema. "Alikuwa amechoka."

"Hakuniulizia?"

"Hakuulizia mtu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kuokota vijiti, kimoja kimoja, anavirundika kando ya goti lake.

"Nilikuwa nampigia mara moja kwa mwezi," akasema. "Labda alishazoea."