Jicho la Kulia la Khavere

Roseline Khavere alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine nyumbani kwake, mtaa wa Jericho. Wazazi wa wanafunzi walimpenda kwa sababu kola zake hazikulegea hata sweta ikifuliwa mwaka mzima. Mwaka wa tisini na sita mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akaanza kuruka nyuzi bila kujua. Mumewe, Javan, tarishi wa kaunsili, ndiye aliyemshawishi apasuliwe.

"Mama Ayuma, jicho moja tu kwanza. Likipona, tutarudi kwa la pili."

Walianza na la kulia. Bandeji ilipotolewa, Khavere alimtazama mumewe akacheka. "Kumbe umezeeka hivi, na hukuniambia!"

Furaha hiyo haikudumu. Wiki chache baadaye jicho liliiva likawa jekundu, akawa anaona kama anayechungulia ndani ya maziwa. Kliniki iliyompasua ikampa matone ya kutuliza uvimbe. Wekundu ukapungua, kisha ukarudi na maumivu yaliyomfanya ashike kichwa kwa mikono miwili. Akaongezwa matone yale yale.

Javan alipompeleka hospitali kubwa, Daktari Mbithe aliona usaha umetuama ndani ya jicho. Alivuta maji kidogo kwa sindano, akayapeleka maabara. Majibu yakaja: kuvu.

"Kuvu kama ya mkate?" Javan akauliza.

"Ni jamaa yake, mzee. Iliingia ndani, labda wakati wa upasuaji. Yale matone yalituliza uvimbe, lakini kuvu ikazidi kukua."

Dawa ya kuidunga ndani ya jicho haikuwepo hospitalini. Javan alizunguka maduka ya dawa mjini hadi viatu vikamchubua, na alipoipata siku zilikuwa zimekwenda. Khavere akadungwa, akapasuliwa tena. Kila asubuhi daktari alimmulika tochi.

"Mama, mwangaza uko upande gani?"

Mwanzoni alionyesha. Kisha akawa anabahatisha. Siku moja akasema, "Daktari, usinimulike tena."

Jicho likatolewa.

"La kushoto bado linaweza kupasuliwa," Daktari Mbithe alimwambia kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. "Wengi hupona kabisa. Yaliyokupata ni nadra sana."

"Na yamenipata mimi."

Javan alichukua mfuko wa nguo za mkewe. Alikuwa ameshamshawishi mara moja.

Hawakurudi. Mashine ya kufuma ilichukuliwa na jirani. Jicho la kushoto lilizidi kufifia, Javan akajifunza kusonga ugali.

Binti yao Ayuma alipokuja kutoka Mumias na mtoto mchanga, alimweka mapajani pa mama yake. Khavere alipitisha vidole usoni pa mtoto, polepole, paji hadi kidevu.

"Amefanana na nani?"

"Na wewe, mama."

Khavere alimshika mtoto kitambo kidogo, kisha akamrudisha, akaomba aongozwe kitandani.